Mgeni Ndiye Mimi

Kibanda chake kilibanwa kati ya duka la kukodisha baiskeli na ukuta wa hoteli. Kilitosha cherehani moja na mtu mmoja, na mwenyewe alikuwa akisema kwamba siku atakayonenepa itabidi ashonee barabarani. Watu walimwita Mama Zipu. Kazi yake ilikuwa zipu zilizogoma, mikanda iliyokatika na mishono iliyoachia ya mashanta ya watalii, wale wanaotembea peke yao na nyumba nzima mgongoni, leo mji huu wa pwani, kesho ule.

Mikono ikishona, mdomo ulikuwa ukiuliza. Umetoka wapi, umelala wapi, umeona nini. Na wengi walimtajia jambo lilelile: magofu. Mji wa kale wa mawe, upande wa kusini, ambao watu wake waliondoka na hakuna ajuaye vizuri kwa nini. Siku moja msichana mmoja mtalii alimwonyesha picha kwenye simu: kuta zisizo na paa, na mti mnene umeota katikati ya sebule ya watu.

"Na jikoni kwao kulikuwa wapi?" Mama Zipu akauliza.

Msichana akazitazama tena picha zake, moja baada ya nyingine, akasema kwa kweli hakuangalia.

Jambo hilo lilimkaa rohoni. Mtu anatoka mbali namna hiyo, anapigwa jua mpaka pua inambambuka, halafu anarudi hajui watu walipikia wapi. Na yeye je, aliyezaliwa jirani tu na huko, ambaye alikuwa hajawahi kwenda hata kuchungulia?

Mumewe alikuwa amefariki zamani. Binti yake, mtoto wa pekee, alikuwa ameolewa mwaka uliopita, na nyumba ilikuwa imenyamaza hata friji ikikohoa yeye anashtuka. Uvunguni mwa kitanda kulikuwa na shanta ambalo mtalii mmoja alilitupa kwa sababu limechakaa. Mama Zipu alikuwa amelishona upya kwa viraka vya turubai, bila kujua analishonea nini. Sasa akajua.

Aliwaambia ndugu zake Jumapili, baada ya chakula. Mdogo wake ndiye aliyeanza kumhoji.

"Kuna msiba huko?"

"Hakuna."

"Harusi?"

"Hakuna."

"Sasa unaenda kwa nani, dada?"

"Siendi kwa mtu. Naenda kutazama."

Mdogo wake akamgusa paji la uso kwa mgongo wa kiganja, kama anavyopimwa mtoto mwenye homa. "Dada yangu, watu wa umri wetu hawaendi kutazama. Sisi ndio tunaotazamwa."

Binti yake alicheka, kisha akaacha kucheka alipoona mama hacheki. Mkwe wake, dereva wa lori la maji, mtu mpole asiyependa maneno, aliinamia sahani yake kana kwamba kuna kitu kimeandikwa humo.

Akaondoka kwa basi la asubuhi. Hakutaka kufika magofuni moja kwa moja; alitaka kwenda kama wanavyokwenda wao, akipumzika njiani. Akashukia mji wa hoteli ambamo mashanta mengi aliyoyashona yalikuwa yamelala. Akaingia kwenye nyumba moja ya wageni yenye ua wa mawe meupe. Dada wa mapokezi akamkaribisha kwa tabasamu.

"Karibu, mama. Umetuletea mgeni?"

"Ndiyo."

Yule dada akanyoosha shingo kuchungulia nje. "Yuko wapi?"

"Mgeni ndiye mimi."

Dada wa mapokezi aliona haya mpaka akaangusha funguo. Kwa kumwomba radhi akampa chumba kinachotazama bahari badala ya kile cha nyuma karibu na jenereta. Chumba kilikuwa kidogo na safi. Shuka zilikuwa zimebanwa chini ya godoro kwa nguvu hata ikabidi azichomoe kwa mikono miwili ili apate pa kuingia. Juu ya kitanda kulikuwa na taulo lililokunjwakunjwa likawa bata mwenye shingo ndefu. Alimzunguka yule bata akitafuta mkunjo wa kwanza ulianzia wapi, na alipooga hakuweza kumvunja. Akajifutia gauni la jana.

Alfajiri alitembea ufukweni na kukuta kile ambacho watalii hawakuwahi kumsimulia, kwa kuwa saa hizo wao wamelala. Wanaume wa bustani walikuwa wakikusanya mwani kwa reki, marundo kwa marundo, mchanga ubaki mweupe kama meza iliyofutwa.

"Huu mnaupeleka wapi?" akamuuliza mmoja.

"Tunauzika, mama. Pale nyuma ya minazi."

"Kila siku?"

"Kila siku. Na bahari nayo haijatuonea huruma bado."

Akacheka, akaomba kuliona shimo. Yule mtu alimtazama kidogo, kisha akaweka reki chini, akampeleka.

Magofuni alifika kesho yake mchana. Mlinzi wa lango alimwelekeza njia ya nyuma akidhani ni mfanyakazi mpya. Akarudi, akapita mbele. Ndani kulikuwa kimya, kimya cha majani makavu. Kuta zilikuwa ndefu kuliko alivyowaza, za mawe ya matumbawe, na kwenye kuta hizo kulikuwa na vishubaka vidogo, safu juu ya safu. Akatia mkono katika kimoja. Kilikuwa na baridi ndani, na vumbi lake laini kama unga.

Mwanamke mmoja wa makamo alikuwa akifagia majani kwenye kile kilichokuwa ukumbi wa nyumba kubwa. Wakasalimiana.

"Umekuja kutafuta nini, dada?" mfagiaji akauliza.

"Jikoni."

Mfagiaji akaegemea ufagio. Alikuwa akifagia pale tangu wanawe wadogo, alisema, na wageni humuuliza choo kiko wapi, njia ya kutokea iko wapi, na kama kuna nyoka. Jiko hakuna aliyewahi kuliulizia. Waongozaji wanasema ni chumba kile cha kaskazini, lakini yeye mwenyewe hajawahi kukiamini.

"Kwa nini?"

"Hakina pa kutokea moshi. Labda zamani palikuwepo, sijui."

Basi wakaanza kutafuta, wawili hao, chumba hadi chumba. Walibishana kama majirani wanaohamia nyumba moja. Hapa kitanda. Hapana, hapa jua la asubuhi linakupiga machoni. Hapa basi mama mkwe alale, karibu na mlango, aone nani anaingia. Wakacheka mpaka wakakaa chini. Walipata chumba chenye mawe meusi pembeni, lakini weusi ule ungeweza kuwa wa ukungu. Mfagiaji akaukwangua kwa ukucha, akaunusa, akampa mwenzake naye anuse. Hawakukubaliana. Mvua ikashuka ghafla, wakajibanza chini ya tao la mlango, mabega yamegusana.

Hapo ndipo simu ilipolia. Alikuwa binti yake, sauti imepanda.

"Mama, mbona hupatikani? Mama mdogo hajala tangu jana. Mume wangu yuko njiani anakufuata."

"Ananifuata kwani nimepotea?"

"Mama, tafadhali."

Mkwe alifika langoni mwa magofu kesho yake asubuhi, shati limekunjamana kwa kulala ndani ya lori. Alimsalimu kwa adabu, macho chini, akasimama. Ilikuwa dhahiri kwamba njia nzima alikuwa akitunga la kusema na sasa limemtoroka. Mama Zipu akamwonea huruma.

"Baba, umekula?"

"Bado, mama."

"Kunywa chai kwanza. Halafu uje nikuonyeshe kitu."

Mkwe alikuwa amewahi kuletwa pale na shule, na alichokumbuka ni soda tu. Sasa alipita nyuma ya mama mkwe wake kutoka ukuta hadi ukuta. Kwenye kisima cha mji akasimama. Akajilaza kifudifudi ukingoni, akachungulia muda mrefu, akadondosha kijiwe na kusikiliza.

"Maji yapo," akasema. Kisha akainuka, akajipangusa magoti, na kwa mara ya kwanza tangu amwoe binti yake akamtazama usoni. "Mama, hawa walichimba vipi mpaka huku chini bila mashine?"

"Sijui, mwanangu. Muulize yule dada mwenye ufagio, anajua mengi ambayo haamini."

Jioni aliondoka na lori lake, peke yake. Nyumbani walimkuta hana mama mkwe wala maelezo ya kutosha.

"Hajamaliza," aliwaambia. "Anasema kuna mji mwingine mbele, na huo kuta zake ziko chini ya maji. Zinaonekana wakati wa bamvua tu, bahari ikikauka kabisa."

Mdogo mtu akashika kichwa. "Na wewe ukamwacha?"

"Nilitaka kwenda naye," mkwe akasema. "Kesho nina kazi."

Mama Zipu alifika kwenye mji huo akakuta bamvua imepita. Wenyeji walimwambia asubiri au arudi. Hata hivyo alikunja gauni, akaingia majini mpaka magotini, mahali mzee wa kukodisha mitumbwi alipomwonyesha. Hakuona kitu, mchanga tu na samaki wadogo waliotawanyika. Akasogea hatua nyingine. Chini ya nyayo zake kukawa na kitu kigumu, kimenyooka, chenye kona. Akakifuata polepole kwa vidole vya miguu, akiwa ameshika shanta juu ya kichwa, mpaka pale kilipokatika na kuacha nafasi pana kiasi cha mtu kupita.

"Hapa ni mlango," alimwambia yule mzee kwa sauti ya kawaida, kisha akamuuliza chumba cha kulala wageni kinapatikana wapi na bamvua nyingine ni lini.