Nilisema Naonja Tu

Ilianza Jumanne, saa mbili na dakika kumi asubuhi, kipindi cha Hesabu. Mwalimu aliniita ubaoni. Nikashika chaki, mkono ukatetemeka mpaka chaki ikawa inagonga ubao kama mtu anabisha hodi. Darasa likacheka. Nikacheka na mimi. Halafu nikatapika maji ya njano juu ya viatu vyangu.

Nilikuwa Kidato cha Pili. Naandika haya nyuma ya daftari la Biolojia kwa sababu kuongea mbele za watu kunanishinda. Dada anayeongoza kikundi chetu cha Alhamisi amesema atawasomea ninyi wageni. Akiwa anasoma, naomba mtazame chini.

Kwetu ni Mogitu. Mama anapika pombe ya mahindi na ulezi, ndiyo inayotusomesha. Mteja hapokei kopo mpaka mwenye pombe aonje kwanza mbele yake, ajue haina sumu. Mama alikuwa anaonja mwenyewe. Vidonda vya tumbo vilipomzidi, akaniambia, "Onja wewe, mwanangu. Funda moja tu."

Funda moja, kwa kila kopo. Wateja wakanizoea. "Paulina, njoo ututolee uchawi!" Mwanzoni nilikunja uso. Baadaye funda likawa mawili. Baadaye nikawa naamka kabla ya Mama, naenda kwenye pipa, eti kuangalia kama imeiva. Bila hivyo vidole havikuweza kufunga vifungo vya shati. Nilitafuna majani ya mpera njiani kwenda shule, bado nilinuka. Na usiku mmoja nilikojoa kitandani. Nalala na mdogo wangu Neema. Nikasema ni yeye. Akachapwa, mimi nikiwa nimesimama pale pale.

Siku ile ya chaki mwalimu alinipeleka zahanati. Nesi akasogea karibu, akavuta pumzi.

"Unakunywa?"

"Hapana. Naonja tu."

"Unaonja makopo mangapi kwa siku?"

Nikaanza kuhesabu kwa vidole. Vidole vikaisha. Nesi akasema taratibu, "Basi, mdogo wangu."

Nikapelekwa hospitali Katesh. Daktari akamwambia Mama, "Asiachishwe ghafla nyumbani, anaweza kuanguka kifafa. Tutakaa naye." Nililazwa siku sita. Nilitoka jasho godoro likalowa. Niliona siafu ukutani, na hawakuwepo. Mama alinifuta mwili mzima kama mtoto mchanga. Siku ya kutoka daktari aliniandikia kwenye karatasi: Alhamisi, saa tisa alasiri, chumba nyuma ya ofisi ya kata.

Alhamisi hiyo nilipita pale mara tatu. Mwishowe nikamwendea mama mmoja muuza vitunguu.

"Shikamoo mama. Nawaulizia watu wa... wa ushonaji."

"Marahaba. Ushonaji?" Akaniangalia mikono. "Hapa hakuna ushonaji, mwanangu. Kuna wale walioacha pombe. Mlango wa bluu ule pale!"

Alisema kwa sauti, hadi muuza viatu akageuka. Niliingia ili nikimbie macho yao.

Ndani walikuwa watu saba. Karibu na dirisha alikaa Babu Gwandu, mteja wetu wa zamani. Alipoacha kuja kwetu, mimi ndiye niliyekuwa naigiza mwendo wake mbele ya wateja, wanacheka mpaka wanamwaga pombe. Nilitamani ardhi ipasuke.

Kwa kuwa mimi ndiye mdogo, yule dada kiongozi akanipa birika nigawe chai. Nikamimina kikombe cha Babu Gwandu. Mkono ukafanya wenyewe: nikanywa funda, ndipo nikampa kwa mikono miwili.

Wote wakanigeukia. Nikajua nilichofanya.

Babu Gwandu akavua kofia. "Huyu mtoto ndiye alikuwa ananionjea," akasema. "Kopo la kwanza, la pili, la nane. Namwona anaanza kuyumba, na mimi naita la tisa. Sikuwahi kusema inatosha. Nisamehe, mjukuu wangu." Akainywa ile chai yote.

Nikasema, "Naitwa Paulina. Sionji. Nakunywa."

"Rudia, hatujasikia huku," mama mmoja akasema. Ikabidi nirudie.

Sasa ni miezi minane. Mkono umetulia. Namshukuru Mungu, nesi, daktari, na yule mama wa vitunguu kwa sauti yake kubwa. Wewe uliyekaa karibu na mlango, unayeona yako ni ndogo kuliko yetu, hesabu makopo. Usiache peke yako, pita hospitali kwanza. Aibu sitakudanganya kwamba imeisha. Ninayo hata sasa.

Lakini asubuhi iliyofuata baada ya kikao kile cha kwanza ilikuwa ngumu kuliko hospitali. Tangu nilazwe, Mama alikuwa anaonja mwenyewe, akimaliza anashika tumbo. Mteja wa kwanza akaita, "Mwonjaji wetu yuko wapi?" Mama akaninyooshea kopo bila kunitazama. "Funda moja, Paulina. Kwa leo tu."

Nikalipokea. Nikampelekea mteja likiwa limejaa.

"Shikamoo mjomba. Sionji. Mimi ni mlevi, nilikuwa nimelazwa. Ukiogopa, usinywe."

Hakuna aliyecheka. Mama akakaa chini. Nikazunguka nyuma ya nyumba, Neema anasuuza vyombo. Nikamwambia ni mimi niliyekojoa.

"Najua," akasema, bila kuacha kusuuza. "Godoro lilikuwa linanuka pombe."