Meza kuu imeshuka jukwaani

Leo Mikumi nimeona meza kuu ikihama, na mpaka sasa nacheka.

Ilikuwa sherehe ya vikundi vya akina mama, nje ya ukumbi wao. Rehema, fundi cherehani anayetumia kiti cha magurudumu, ndiye aliyepangiwa kusoma risala.

Kipaza sauti kiko jukwaani. Jukwaa lina kivuli cha turubai, na lina ngazi.

MC akaita: "Vijana, mbebeni dada!"

"Abebwe nani?" Rehema akauliza. "Mimi si gunia la mpunga. Wa meza kuu wana miguu, washuke."

Mgeni rasmi, diwani, mzee wa watu, akainuka na kiti chake mkononi.

Jamani! Ikashuka meza, vikashuka vitambaa, maua ya plastiki, hadi kipaza sauti. MC anatangaza kama mpira: "Mwenyekiti anashuka! Mtendaji anafuata!" Vigelegele kila kona.

"Shikamoo, mheshimiwa," akaanza Rehema.

"Marahaba, mwanangu. Risala inaomba nini?"

"Ukumbi wetu uwekewe njia ya mteremko."

"Nimekubali. Basi huna haja ya kusoma."

"Hapana, mheshimiwa, nasoma. Nimefanya mazoezi wiki nzima."

Akasoma yote, taratibu, meza kuu ikiungua jua.

Mwenye video aiweke hapa chini.