Maharage Madogo Meusi ya Mama

Kuna siku moja naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, nayo ni siku niliyopika mbegu za mama. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili, nimemaliza shule na mjuaji kweli kweli. Baba alikuwa ameshafariki, dada zangu wameolewa Nyakatuntu. Nyumbani Kiruruma tulibaki wawili tu, mimi na mama.

Mama alihifadhi maharage ya mbegu kwenye kibuyu, akiyachanganya na majivu yasiliwe na wadudu. Yalikuwa ya kila namna: mekundu, ya njano, ya madoadoa, na madogo meusi aliyopewa na mama yake alipoolewa kutoka Bweranyange. Hayo meusi nilikuwa nayaonea aibu. Msimu ule, kibanjani, yaani shamba letu la migomba nyumbani, kando ya banda la ng'ombe, yaliota mekundu manene ya kupendeza. Basi mama alipokwenda msibani, nikajaza manene yale kibuyuni, na ule mchanganyiko wake wote nikaubandika jikoni.

Aliporudi akapakua, akatazama sahani, akaweka mwiko chini.

"Haya yalikuwa ya kupanda," alisema.

"Nimekuwekea makubwa, mama. Mbegu bora."

"Ukubwa huo ni wa samadi, mwanangu. Yapeleke rweya, ndipo utayajua."

Hakupaza sauti. Alilala bila kula, na mimi, nisiye na haya, nikala nikashiba.

Rweya ni ile nchi ya majani nje ya migomba, udongo wake hauna nguvu. Nilipopanda huko, manene yangu yakaanza kuzaa madogo. Kisha mvua ikazidi, mizizi ikaoza. Miaka ya nyuma aina moja ilioza na nyingine ikasimama, tukapata cha kula. Mwaka ule yalikuwa ya aina moja, yakafa pamoja.

Mama akazunguka kwa majirani na kikapu, huyu akampa konzi, yule konzi, mpaka mchanganyiko ukarudi. Meusi hayakupatikana. Alikwenda hadi kwao Bweranyange, akakuta waliokuwa nayo wameshazikwa. Jioni alikaa mlangoni, akaniambia, "Leo ndiyo mama yangu amekufa."

Juzi bwana shamba wa kata yetu alinieleza kwamba kuna umbo ambalo mmea hulirithi kwa mzazi wake, na kuna umbo unalopewa na mahali ulipoota, na jicho haliwezi kuyatofautisha kwa msimu mmoja. Nikacheka kidogo. Mama alikuwa ameniambia yote hayo amesimama jikoni.

Siku hizi naishi peke yangu. Mama na mke wangu wametangulia, watoto wangu wako mijini. Kila gulio nainamia magunia ya watu kutafuta meusi, na wauzaji wamenizoea. Kinachoniuma ni kwamba hata nikiyapata leo, sina wa kumwonyesha.

Basi nisikie, mwanangu. Usichague mbegu kwa unene wa pale iliponeemeka. Itazame ilipopata shida, na mchumba vivyo hivyo. Tunza aina nyingi, hata zile zinazokutia aibu. Na kabla hujaondoa kitu cha mzazi wako, muulize kina kazi gani, angali anaweza kukujibu.

Mungu akupe mvua ya kiasi na udongo mzuri, na akujalie watu wa kula nawe mpaka uzee wako.