Leseni Isiyoisha Mwaka

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, mnaotembea na simu kama sisi tulivyotembea na jembe, nisikilizeni. Shule niliishia darasa la pili, lakini neno leseni nilidhani nalijua. Marehemu mume wangu alikuwa na duka dogo hapa Heru Juu. Leseni yake ilibandikwa ukutani, na mwaka ukiisha inakufa, unakwenda Kasulu mjini kuomba nyingine. Basi kwangu leseni ni kitu chenye kufa.

Mjukuu wangu wa kike akaja na kikundi chake, wanachora ramani ya kata kwa simu. Nikamtembeza siku nzima: chemchemi, njia ya mkato ya zahanati, daraja la magogo. Kila nilipotaja, alibonyeza. Nyuma ya migomba nikamwonyesha walipolala wanangu wawili waliokufa kabla ya kupewa majina. Sikuwahi kumwonyesha mtu. Aliinamisha kichwa, nikadhani ni heshima. Kumbe hapo pia alibonyeza.

Kwenye mkutano wa kijiji, kikundi kile kikatuuliza ramani ipewe leseni gani. Moja ni ya kuombwa: anayetaka kuitumia aje aombe. Nyingine ni huria: yeyote achukue, anakili, abadilishe, hata auze, mradi aseme ameitoa kwetu.

"Bibi, unasemaje?"

"Iwe ya wote. Nani atamnyima mtu njia ya maji?"

Moyoni nikasema, ikituudhi, mwaka ukiisha hatuombi nyingine.

Mvua za kwanza zilipoanza nikamkuta mgeni nyuma ya migomba. Fundi wa mabomba, Mkongomani wa kule kambi ya wakimbizi, kiatu kimoja juu ya mawe niliyowawekea wanangu.

"Shikamoo, mama. Usiogope. Natafuta fasi ya kupitisha bomba." Akatazama simu yake. "Hapa banaandika makaburi mawili, ya batoto wachanga. Ni ya kwenu?"

Dada yangu wa tumbo moja hakupajua mahali pale, na mtu asiyejua hata jina langu anapasoma kwenye kioo. Aliponiona uso akarudi nyuma, akavua kofia.

Nikamwita mjukuu wangu. "Mke mwenzangu, futa."

"Kwetu nafuta sasa hivi, Bibi. Ila waliokwisha kunakili, ni halali yao. Leseni ile hairudishwi."

"Hata mwaka ukiisha?"

"Mwaka gani, Bibi?"

Nikaketi palepale kwenye tope. Ukishamkatia jirani vipando vya muhogo, akapanda, naye akamkatia mwenzake, utakwenda hadi Nyakitonto kung'oa shamba la nani? Na leseni siilaumu, maana bomba lile limefika, watu wanakinga maji. Mimi niliulizwa nani achukue, nikajibu haraka. Kilichomo kapuni sikuuliza.

Siku ileile niliyomkuta fundi, nikawakusanya wote wa nyumba hii, na huyo mjukuu akikaa mbele. Nikawaambia: chemchemi ibaki kwenye ramani, njia ibaki, watu wachukue. Lakini kuanzia leo, kabla ramani haijapewa leseni yoyote, kila alama isomwe kwa sauti mbele ya mwenye mahali, mpaka aseme ndiyo. Na pale nyuma ya migomba, atakayeulizwa ajibu kuwa ni shamba la Bibi, basi.