Funza Weupe, Funza wa Kijivu

Kuna wakati nusu ya mtaa wetu pale Lemara waliniletea funza. Jirani mmoja alikuja nao kwenye kopo la siagi, mwingine kwenye mfuko wa nailoni, na wote waliuliza jambo moja: niwaue au niwape kuku? Nilikuwa nimehudhuria mafunzo ya ufugaji ya siku tatu, na cheti nikakitundika sebuleni. Kiherehere changu hakikuwa na breki.

Swali langu la kwanza lilikuwa hilohilo siku zote: weupe au wa kijivu? Wale wa kijivu, bapa, wenye ngozi ngumu na mwendo wa kivivu, ni wa nzi mweusi anayependa mboji, na kuku wakiwala wananenepa. Mnene mweupe aliyejikunja, mwenye kichwa cha kahawia, ni mtoto wa mbawakawa. Na wale weupe laini, waliochongoka mbele, wanaokimbia mwanga, ni wa nzi wa kawaida. Dawa yao ni kupakausha mahali walipo na kumwaga majivu. Mara nyingine nilijibu kabla mtu hajafungua kopo lake.

Mama aliishi peke yake Nkoaranga, na kuku wake kumi nyuma ya migomba. Alikuwa na kisukari cha miaka mingi na miguu iliyokufa ganzi, lakini hakuna aliyeweza kumzuia kushuka kwenye kahawa na ndala zake. Jumapili moja baada ya ibada alinipigia simu.

"Mwanangu, nimeona funza huku," alisema kwa sauti ya chini.

"Weupe au wa kijivu?"

"Weupe."

"Ukiwamulika wanafanyaje?"

"Wanaingia ndani."

"Basi hao ni wa nzi wa kawaida, Mama, usihangaike. Ni unyevu tu huo. Pakaushe, halafu mwagia majivu kila asubuhi. Yawe yamepoa."

"Majivu tu?"

"Majivu tu."

"Haya, mwanangu. Asante."

Nilirudi kwenye sufuria yangu nimeridhika.

Jumamosi iliyofuata nilipanda kwake na mfuko wa pumba. Hakutoka kunipokea. Nilimkuta amekaa sebuleni, miguu ameifunika kitenge, akaitikia shikamoo yangu bila kuinuka. Nyumba ilikuwa inanuka. Sikumuuliza kitu, nilijua ni banda la kuku, nikatoka kwenda kulisafisha huku nikinung'unika kwamba mzee huyu hafuati maelekezo.

Banda lilikuwa kavu. Lilikuwa limefagiwa na kuwekwa maranda mapya. Nikachokoa mboji kwa kijiti, nikakuta wa kijivu watupu, wavivu, wazuri kabisa.

Nikarudi ndani. "Mama, wale funza wako wapi?"

Alitazama mlango kuhakikisha nimeufunga, kisha akainua kitenge. Mguu wa kulia ulikuwa umezungushiwa kitambaa, na kitambaa kilikuwa kimejaa majivu.

Kwetu mtu mwenye funza mwilini anasemwa kuwa ni mchafu. Mama, ambaye vitambaa vya viti vyake hupigwa pasi kila wiki, asingeweza kulitamka neno mguu kwenye simu. Alitegemea mwanawe ataelewa. Mimi nikauliza rangi, nikauliza mwendo, sikuuliza mahali. Nilijichukia siku ile na bado najichukia.

Hospitali walisema kidonda kimefika kwenye mfupa. Muuguzi aliosha majivu mpaka beseni likajaa tope, akaanza kuwatoa mmoja mmoja kwa kibano. Kabla sijajizuia nilikuwa nimeinama kuangalia. Weupe, laini, wamechongoka mbele. Sikuwa nimekosea hata kidogo.

"Nani alikwambia uweke majivu, bibi?" muuguzi akauliza.

Mama akanielekezea kidevu, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu. "Huyu mwanangu. Hawa wadudu amewasomea."

Muuguzi alinitazama, kisha akaendelea na kazi yake. Jumatatu walimkata mguu chini ya goti.