Kofia Moja, Sikio Moja

Mume wangu walimwita Mwanaanga kijiweni, na jina hilo ni kama nililishona mimi mwenyewe. Mimi ni fundi cherehani. Alipopata kazi ya kubeba sampuli za damu kwa pikipiki, kutoka zahanati za pembezoni hadi maabara kuu, nilimshonea jaketi la turubai lenye utepe unaong'aa mbele, nyuma na mikononi. Nikamtengenezea vikinga magoti kwa mpira wa tairi, na glavu zenye viganja vya tabaka mbili. Buti alitafuta mwenyewe. Kofia ngumu alipewa na maabara, moja tu, akaisainia. Akishavaa vyote hivyo hata kujikuna hawezi, na waendesha pikipiki wenzake humuuliza huko mwezini kukoje. Yeye anacheka tu, anawasha, anaondoka. Mimi nilikuwa nasimama mlangoni nimevimba kwa fahari.

Nilikuwa na sababu zangu. Kaka yangu alikufa kwa pikipiki, kichwa wazi, katika safari ya kwenda kununua kiberiti dukani. Tangu hapo, nikimwona mtu juu ya pikipiki bila kofia nakasirika kama vile amenitukania mama. Mume wangu naye alikuwa na zake. Miaka kumi na mmoja alifanya kazi kwenye mashine ya kusaga kokoto. Kule waligawiwa vizibo vya masikio wakavitia mfukoni, maana ukiviweka humsikii nyapara akiita, na asiyemsikia nyapara kesho anabaki kwake. Alipotoka pale aliapa kwamba akipewa kinga yoyote ataivaa. Bahati mbaya aliapa wakati sikio la kushoto limeshakufa, na la kulia limeanza kulifuata.

Hayo nayajua leo. Wakati ule sikujua kitu, na ulimi wangu mnaujua nyinyi mnaonijua.

Habari aliniletea fundi viatu, yule anayekaa kwenye kona karibu na geti la maabara, tena aliileta kama utani. Akasema Mwanaanga wako siku hizi anasahau kichwa nyumbani. Jaketi lipo, magoti yapo, glavu zipo, lakini kofia inaning'inia mkononi kama kikapu. Akifika kwenye kona anaivaa haraka, anaingia getini kama bwana harusi, na akitoka tu anaivua.

Nilichemka. Jioni ile nilisema mpaka mboga ikaungua jikoni. Yeye alikuwa anafuta pikipiki. Kesho yake aliivaa kofia mlangoni, nikamfuata mpaka mwisho wa uchochoro nikamwona anaivua. Nikasema tena. Nikasema asubuhi, nikasema jioni, nikasema mbele ya watoto. Nilimwambia ametia pamba masikioni. Nilimwambia sikio la kufa halisikii dawa, na nilipoona msemo huo umekaa vizuri mdomoni nikaufanya ndiyo salamu yangu ya kila siku. Mara nyingi niliusema akiwa amenipa mgongo, na kumbe hakusikia neno, alikuwa anaitikia "sawa" kwa kukisia. Namuuliza chai atakunywa sasa au baadaye, anasema sawa. Tulimcheka, mimi na watoto. Lakini zipo siku aliusikia, na siku hizo alinitazama kwa macho ambayo mimi niliyaita dharau.

Jumapili moja niliamua kuifua ile kofia kwa ndani. Nilipoifungua nikakuta sponji ya upande wa kulia haipo. Ilikuwa imekatwa. Ilikatwa kwa mkasi wangu wa vitambaa, ambao nyumbani kwangu hakuna anayeruhusiwa kuugusa, na kwa kuwa kukata ndiyo kazi yangu, nikaona pia kwamba haikukatwa siku moja. Alianza na kipande chembamba. Siku nyingine akaongeza, kisha akaongeza tena, mpaka akafika kwenye gamba lenyewe. Mtu anayekata hivyo anatafuta kitu, na kila akikata hakipati.

Yeye alikuwa amechuchumaa uani, mgongo kwangu, anapaka mnyororo mafuta. Nilimwita. Nikamwita tena kwa nguvu. Mara ya tatu niliita mpaka jirani akaitikia. Nikachukua mfuniko wa sufuria kubwa, nikasimama hatua mbili nyuma yake upande wa kushoto, nikauachia kwenye sakafu ya saruji. Kuku wakaruka. Binti yetu mkubwa akatoka ndani mbio akiuliza nini kimevunjika. Baba yake aliendelea kupaka mnyororo mafuta, pingili moja baada ya nyingine, taratibu.

Kisha nikamzunguka, nikachuchumaa mbele yake na ile kofia mikononi.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

Aliitazama kofia kwanza. "La kushoto tangu kule kwenye kokoto. Hili lingine linaondoka kidogokidogo. Nikivaa kofia, mama watoto, gari lililopo kwenye kioo nalijua. Lisilokuwepo kwenye kioo silijui mpaka linanipita ubavuni."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema angeniambia ningemzuia kwenda kazini, na nisipomzuia ningekaa roho juu mpaka arudi, kwa hiyo aliona heri nimwone mkaidi. Hapo nilitakiwa kumwomba radhi. Badala yake, kwa kukosa la maana, nikasema lile tunalomwambia binti yetu anapojibizana na wakubwa, kwamba sikio halizidi kichwa.

Akatabasamu. "Kwangu limezidi," akasema.

Siku ile alinieleza yote. Alishakwenda kwa daktari wa masikio, na kile kifaa cha kusikia alishakijaribu. Ndani ya kofia kilimpigia filimbi mpaka akaona kizunguzungu, akakirudisha. Vioo alishabadilisha, akaweka vikubwa kama vya lori. Mwendo alishapunguza. Na msimamizi wa maabara alikuwa ametangaza mambo mawili: atakayeonekana barabarani bila kofia atakabidhi funguo siku hiyohiyo, na mwisho wa mwezi ule waendeshaji wote watapimwa macho na masikio. Mume wangu ana miaka arobaini na tisa na watoto watatu wanasoma. Aliniuliza nani atampa kazi mtu wa umri ule asiyesikia.

Tuliiweka ile kofia katikati yetu tukaitazama. Akiivaa, hasikii lori. Asipoivaa, ni kaka yangu ninayemzika mara ya pili. Nililia kwa hasira, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumgombeza.

Jumatatu nilifunika cherehani, nikamwachia binti mkubwa wadogo zake, nikafunga kilemba na kupanda nyuma ya baba yao. Nilibanwa katikati ya mgongo wake na sanduku la sampuli. Tulikuwa tumekubaliana lugha yetu. Nikimgonga bega la kulia, gari linakuja kulia. La kushoto, kushoto. Nikimbana mbavu, asimame. Nikimgonga mara mbili katikati ya mgongo, nyuma hakuna kitu, twende.

Kofia alivaa yeye. Alitaka niivae mimi, tukabishana. Niliijaribu kwanza uani, nikamwambia binti apige honi huku na huku, na kweli honi niliisikia, ila sikujua inatoka upande gani, na upande ndiyo kazi niliyopandia. Tena kofia ilikuwa moja, na bila kofia yeye hapiti getini. Basi nikaenda kichwa wazi. Mimi, dada wa marehemu, niliyewatukana watu njia nzima kwa kosa hilohilo.

Kwenye kona ya fundi viatu nateremka, maana abiria haruhusiwi. Nakaa kwenye kigoda chake, na mume wangu anamalizia peke yake zile hatua mia hadi getini, nami sipumui mpaka aingie. Fundi viatu aliniuliza, shemeji, huyo mwanamke wa maabara ni mzuri kiasi gani hata umlinde mume namna hii. Mtaa mzima ulikuwa umeshakubaliana kwamba nina wivu. Nikacheka nao. Heri mimi niitwe mwenye wivu kuliko yeye aitwe kiziwi. Nyumbani sare za shule za watu zilikuwa zimelala bila vifungo, wateja wananuna.

Siku ya tisa tulikuwa kwenye ile barabara ya vumbi inayotoka zahanati ya mbali. Nilisikia lori nyuma, kulia. Nikamgonga bega la kulia, akasogea pembeni vizuri tu, kama tulivyozoea. Lilikuwa limebeba kokoto. Lilipokuwa linatupita likaruka shimo, kokoto zikamwagika, moja ikanipata juu ya sikio. Sikupiga kelele, na ningepiga ingekuwa kazi bure. Alichohisi yeye ni mkono wangu kuteleza begani kwake, akasimama.

Alipogeuka akaona kilemba kimelowa damu. Alivua kofia, akanivika. Nikaivua nikamvika yeye. Akanivika tena. Wanawake waliokuwa wakiuza mkaa ng'ambo ya barabara walicheka, wakidhani ni mapenzi. Sampuli zilikuwa kwenye barafu, na barafu haingoji. Na siku nane mbele kulikuwa na ule upimaji, katika chumba ambacho mimi sitaingia naye, na bega lake halitakuwa na wa kuligonga. Tulilijua hilo wote wawili, na tangu Jumatatu ya kwanza hakuna aliyelitamka.

Akanishika kidevu kama anavyoshikwa mtoto mtundu. Akasema kwa sauti kubwa, kwa maana siku hizi sauti yake mwenyewe haisikii sawasawa:

"Mke wangu, sikio la kufa halisikii dawa."

Wauza mkaa walisikia. Mimi nilisikia vizuri kabisa, masikio yangu ni mazima yote mawili. Nilifungua kilemba, nikakikaza upya juu ya kidonda. Nikamvika kofia, nikafunga mkanda chini ya kidevu chake mpaka ukalia ta, mlio niliousikia mimi tu. Nikapanda. Nikatazama nyuma, nikasikiliza, nikamgonga mara mbili katikati ya mgongo.