Sisi Kwetu Ni Arobaini na Moja

Mwaka ule nilikuwa karibu kunyang'anywa filimbi. Mimi ni arbitre, mwamuzi wa mpira hapa Butembo, na kila mwaka kabla ya mechi kuanza tunakimbizwa kiwanjani, mzunguko baada ya mzunguko, saa iko mkononi mwa mkubwa wetu. Ukishindwa, unarudisha filimbi na kwenda kuketi pembeni na wale wanaojaza karatasi za mechi. Hakuna kubembelezana. Nilikuwa nakaribia miaka hamsini, na safari iliyotangulia nilipita kwa kudra ya Mungu tu, mzunguko wa mwisho nikiumaliza kwa kuchechemea.

Vidole ndivyo vilivyokuwa vinaniua. Nikikimbia kidogo tu vinaanza kuwaka moto, kile cha mwisho kinapanda juu ya mwenzake, na kucha za vidole gumba zilikuwa zimegeuka nyeusi na kung'oka. Katika mechi moja nilichelewa kufika penye penalti ambayo kila mtu aliiona isipokuwa mimi. Uwanja mzima ukapiga kelele: "Muzee, enda ulale!" Nilikasirika vibaya sana. Nilitamani kutoa kadi nyekundu, mais utampa nani, watazamaji wote? Nyumbani mke wangu alinitilia maji ya moto na chumvi kwenye beseni, akasema kwa upole lile neno nililokuwa nalikimbia: "Papa, pengine ni uzee njo inafika."

Neno hilo lilinikaa kichwani siku nyingi. Mapafu yangu yalikuwa mazima. Magoti mazima. Sasa huo ni uzee gani unaoanzia kwenye vidole? Mimi ni mtu wa kanuni, sipendi kosa lisilokuwa na mkosaji, na nikaanza kuichunguza miguu yangu kila jioni, hadi watoto wakanicheka.

Viatu sikuvifikiria hata kidogo. Viatu vyangu vilikuwa pointure yangu, saizi arobaini na moja, kama vya baba. Baba alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa kule Beni, mtu wa kupendeza, hatoki bila viatu vya ngozi vyenye ncha kali. Vikianza kuchakaa ananipa mimi. Nilipokuwa kijana nililalamika kwamba vinanibana, naye akacheka: "Sisi kwetu ni quarante et un. Vitalegea." Tangu siku ile, muuzaji yeyote akiniuliza, namjibu arobaini na moja, kama vile mtu anavyotaja jina la ukoo.

Ulikuwa umebaki muda wa wiki tatu hivi kabla ya kukimbizwa. Kila alfajiri nilikuwa naswali msikitini, na nikitoka hapo naenda moja kwa moja mazoezini, kwa hiyo viatu vya kukimbilia ndivyo nilivyokuwa naviacha mlangoni. Asubuhi moja umeme ulikuwa umekatika. Nikaomba dua ndefu kuhusu vidole vyangu, naisema bila haya, nikatoka nikipapasa gizani, nikavaa, nikafunga kamba, nikaelekea Rughenda, upande wa uwanja wa ndege.

Na vidole vikanyamaza! Nilikimbia kilima cha kwanza nikingoja ule moto uanze. Kimya. Kilima cha pili, kimya. Nilihisi mguu umekaa wazi, kisigino kinapokelewa taratibu kila ninapokanyaga, nikafikiri uvimbe umeshuka. Wallahi nilianza kulia njiani. Nikasema dua imejibiwa, na tena imejibiwa haraka, ingawa mtu mwenyewe hata hakustahili.

Kulipopambazuka nilikuwa karibu na uwanja wa ndege. Nikainama kukaza kamba, nikaona mstari mwekundu ubavuni mwa kiatu. Viatu vyangu havina mstari mwekundu.

Yesu na Maria, angesema jirani yangu Mkatoliki! Nilikuwa nimeiba viatu mlangoni mwa nyumba ya Mungu, na nilikuwa nimeshavikimbiza hadi Rughenda. Nilirudi mbio kuliko nilivyokwenda. Pale ngazini mwa msikiti alikuwa ameketi shofere mmoja wa kamyo, yaani lori, mtu mnene mwenye ndevu nyeupe, ninayemfahamu kwa salamu tu. Kiatu changu kilikuwa kimening'inia kwenye ncha ya mguu wake, vidole peke yake ndivyo vilivyoingia.

"Njo weye mwizi?" aliniuliza.

"Unisamehe, muzee. Ilikuwa giza."

"Giza niliona. Mais hii kitu yako, unaivalaka namna gani? Hata mutoto hapana ingiza muguu humu."

Nilivivua vyake nikavishika mkononi, na badala ya kumrudishia nikaanza kuvigeuza na kuvibonyeza. Soli nene, laini. Mbele pana, pa mviringo. Nikamwuliza ni pointure gani. Arobaini na nne. Nikamwambia haiwezekani, mimi ni arobaini na moja na vimenikaa vizuri.

"Nani alikuambia quarante et un?"

"Baba."

Alicheka hadi akashika ngazi. Kisha akaona uso wangu, akaacha. Akanieleza kwamba yeye anaendesha kutoka Kasindi mpakani, na miguu ya shofere inavimba siku nzima, ndiyo maana hanunui kiatu asubuhi hata siku moja. Ananunua jioni, miguu ikiwa imechoka na kujaa. Nikamsihi twende wote sokoni. Alisema siku ile ile, baada ya alasiri, kabla hajabadili mawazo kuhusu mwizi wake.

Tulifika kwa muuzaji mmoja ambaye humwaga viatu vya balo, yaani mitumba, juu ya turubai. Yule muuzaji akanitazama, akanichagulia vyembamba vyeusi vinavyong'aa. "Hii ni ya kazi ya bureau na ya sport, yote mbili! Kamata, arbitre!" Mkono wangu ulikuwa tayari umenyooka. Shofere akaupiga kofi. Akavuta ile semelle, soli ya ndani ya kiatu, akaitandika chini juu ya karatasi, akaniambia: "Vua soksi, simama juu yake. Simama kabisa, hapana kukaa."

Nikasimama. Nikatazama chini, na hapo ndipo niliposhangaa kweli. Kidole changu cha mwisho kilikuwa nje kabisa, chini kwenye karatasi, na kile gumba kilikuwa kimening'inia mbele. Nusu ya mguu wangu haikuwa na mahali pa kukaa ndani ya kiatu kile. Karibu miaka thelathini nilikuwa nauingiza humo kwa nguvu, na kuulaumu.

Baada ya hapo sikushikika. Nilichomoa semelle za nusu ya turubai lile, nikasimama juu ya kila moja, huku muuzaji akilalama kwamba namharibia mali na akina mama wa nyanya wakisimama kutazama. Arobaini na nne kama ya shofere nilitaka sana, mais nilipokimbia hadi kwenye duka la sabuni na kurudi, kisigino kilikuwa kinachomoka. Nyingine ilikuwa ndefu lakini nyembamba vilevile. Mwishowe tulipata arobaini na tatu, pana, mguu wote umelala ndani ya semelle na nafasi ya kidole gumba mbele. Soli yake ilikuwa nene kama mkate, na rangi yake rangi ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, iliyolala. Sijawahi kuona kiatu kibaya namna ile. Mke wangu aliponiona naingia uani alikaa chini kabisa kwa kucheka.

"Na heshima yako yote, papa!"

"Heshima itakaa kwenye filimbi," nikamjibu.

Siku iliyofuata nilikimbia kidogo, nikavua, nikakagua. Siku ya pili vivyo hivyo. Sikutaka kudanganywa tena na furaha ya asubuhi moja. Baada ya wiki moja kucha mpya ilikuwa inaota, ya rangi yake ya kawaida, na kidole cha mwisho kilikuwa kimeshuka kutoka mgongoni kwa mwenzake. Jamani, nilimwita mke wangu aje aone kidole!

Siku yenyewe nilipita. Sikuwa wa kwanza, vijana wana miguu yao, ila nilimaliza mizunguko yote nimenyooka na pumzi ikabaki. Arbitre mmoja kijana, ambaye nadhani alikuwa anaivizia nafasi yangu, alinifuata: "Muzee, ulikunywa nini?" Nilimwonyesha viatu. Nikacheka naye. Kisha nikaketi kwenye nyasi kufungua kamba, na furaha ikakatika ghafla, maana nilimkumbuka baba.

Baba alikuwa anazunguka na vitambaa vyake kutoka Beni hadi Oicha, kijiji kwa kijiji, kwa watu wa kakao. Alipofika umri huu wangu alisema miguu imezeeka. Akaweka kiti mlangoni, akakaa. Alikaa hapo mpaka alipofariki, na sisi sote tukaona ni kawaida.

Jumapili nilipanda gari kwenda Beni kwa mama. Nilimweleza yote, akacheka sana habari ya msikiti. Kisha nikamwomba anionyeshe viatu vya baba. Alivitoa chini ya kitanda, vile vya ncha, vimefungwa ndani ya kitenge. Mshono wa ubavuni ulikuwa umepasuka pande zote mbili, mahali pa kidole cha mwisho. Pamoja navyo aliweka kandambili zake za kutawadhia, zile pana, ambazo miguu yake ilikuwa imezichimba hata alama ya kila kidole inaonekana. Nilichukua kiatu nikakiweka juu ya kandambili. Alama za vidole vyake zilibaki nje, upande huu na upande ule.

Mama aliinama akatazama muda mrefu. Akapitisha kidole kwenye zile alama.

"Donc haikukuwa uzee," alisema.

"Sijui, Mama. Pengine."

"Nilikuwaka namukemea kila siku. Nilimuambia yeye ni muvivu."

Nilishikwa na huzuni na hasira pamoja, na hakukuwa na mtu wa kumpa kadi. Mama alivifuta vumbi vile viatu, akavifunga tena ndani ya kitenge taratibu, akabaki amevipakata. Kisha akanyoosha miguu yake mwenyewe mbele ya mkeka, akaitazama.

"Na miye," akaniuliza, "pointure yangu ni ngapi?"

Nilikuwa nimepanga kurudi Butembo mchana ule. Nikavua koti, nikamwambia tungoje jioni.